Kupishanisha nakala mbili za skeli kwenye marimba ya magogo ya mgomba

Marimba inayolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, kama dimbila ya Wamakonde, inamfaa sana mtu anayetaka kujaribu skeli (mpangilio wa noti) mpya, kwa sababu vibao havifungwi. Unatoa, unaingiza, unahamisha kigingi, basi. Hapa tunatengeneza skeli ya noti kumi: tunachukua skeli ndogo ya noti tano, tunaitolea nakala iliyopandishwa, kisha tunachomeka noti za nakala katikati ya zile za mwanzo.

Seti ya kwanza tuiite A. Anza na 240 Hz (mitetemo 240 kwa sekunde), kisha zidisha kwa 9/8, 4/3, 3/2 na 16/9. Utapata 240, 270, 320, 360 na 426.7; inayofuata ni 480, mara mbili ya 240, mwanzo wa oktava nyingine. Seti B ni A ileile, noti zote zimezidishwa kwa namba moja; inayofika 480 au kuipita, tukilinganisha, tunaishusha oktava, yaani tunaigawanya kwa 2. Kuichagua namba hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo mambo huharibika.

Tazama hatua za A, yaani uwiano wa kila noti na inayofuata: ndogo ni 9/8 (1.125), kubwa ni 32/27 (1.185). Ukipandisha kwa chini ya 1.125, kila noti ya B itakaa mara tu baada ya mwenzake wa A. Ukipandisha kwa zaidi ya 1.185 lakini chini ya hatua mbili ndogo zikiunganishwa (1.266), noti ya B itaruka kibao kimoja cha A na kukaa nafasi ya pili, bado zinapishana. Kati ya 1.125 na 1.185 ndipo pabaya. Jaribu 7/6: ukizipanga noti zote kumi, mfuatano unakuwa A B A B B A A B B A, na mkono wa mpigaji unapotea. Nayo 3/2 inavutia, lakini A yenyewe imejengwa kwa 3/2, hivyo noti nne zinajirudia na unaambulia moja tu mpya, 405.

Namba mbili zinafaa. 5/4 inampa kila kibao cha A mwenzake wa kuitikiana naye kwa sauti tamu sana, 240 na 300, 320 na 400. Ubaya wake ni mmoja: noti ya B ya 533.3, ikishushwa oktava, inakuwa 266.7, jirani kabisa na 270. Vikigongwa pamoja, sauti inayumba kama mara tatu kwa sekunde. Kwa marimba ya kwanza tunapendekeza 16/15. B inakuwa 256, 288, 341.3, 384 na 455.1, hakuna noti zinazobanana, na utamu wa 5/4 bado upo mahali pane: 256 na 320, 288 na 360, 341.3 na 426.7, 384 na 480.

Sasa mbao. Mninga mkavu unafaa, unene wa sentimita 2 hivi, sawasawa kote. Kata kibao kirefu kwanza, kipimwe kwa programu ya simu inayoonyesha Hz. Tuseme sm 60 zimetoa 240. Urefu wa kingine chochote ni 60 gawanya kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa noti yake na 240: A ni 60, 56.6, 52, 49 na 45. B ni 58.1, 54.8, 50.3, 47.4 na 43.6. Acha sentimita moja ya ziada. Ukipunguza ncha, sauti inapanda. Ukichonga katikati upande wa chini, inashuka. Chonga kidogo, gonga, pima, kisha endelea.

Kila kibao kikalie magogo kwenye asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, la sivyo sauti itakufa. Kwa hiyo magogo hayalazwi sambamba: sm 33 upande wa vibao virefu, sm 24 upande wa vifupi. Vigingi vichomekwe kati ya kibao na kibao.

A na B zitoke kwenye ubao mmoja. Hewa ya Mtwara na Lindi wakati wa mvua ni ya unyevu. Mti unanyonya maji, unakuwa mzito, na sauti inashuka. Seti zote zikishuka pamoja, uwiano wa 16/15 unabaki. Zikitoka kwenye mbao mbili tofauti, moja itashuka kuliko nyingine, na B italazimika kuchongwa upya yote.