Matairi mapya ya 4x4 inayovuta karavani: anza na uzito, kashata baadaye

Ukiingia duka la matairi ukasema una 4x4, cha kwanza kuonyeshwa ni kashata, yaani yale meno na mifereji ya uso wa tairi. Jamaa anakuvutia tairi lenye meno makubwa, analigeuza uone maandishi meupe ubavuni, anakwambia "bosi, hili halijui tope". Sawa, linapendeza kweli. Ila kama nyuma ya gari yako inakaa karavani (ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) ya tani mbili na kitu, kashata ni swali la tatu. La kwanza ni uzito na la pili ni upepo, na wauzaji wengi hawayaulizi hayo mawili kabisa.

Kabla hujang'oa ya zamani yasome kwanza, hayo ndo yanajua gari yako inaishi vipi. Pitisha kiganja juu ya kashata polepole, kutoka nje kwenda ndani, alafu urudishe. Kama kingo zote mbili zimeliwa na katikati bado kuna nyama, ulikuwa unatembea na upepo mdogo, na ukikuta hivyo kwenye matairi ya nyuma tu basi kuna uwezekano mkubwa umekuwa ukivuta kwa upepo ule ule wa kwenda sokoni. Katikati pameisha na kingo ziko vizuri, upepo ulizidi. Upande mmoja tu ndo umeisha, hiyo ni alaimenti, magurudumu hayajakaa sawa. Kama kiganja kinahisi mawimbi, huku juu huku chini, nenda kaangalie shokapu, maana ukifunga matairi mapya juu ya shokapu zilizokufa yatatoka hayo hayo mawimbi na hela imeenda.

Sasa uzito. Karavani haikai nyuma ya gari tu, inailalia. Shingo yake, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, inakandamiza chuma cha kuvutia, na kawaida uzito huo unakuwa kama asilimia 10 ya karavani nzima (karavani za Ulaya mara nyingi zinakuwa chini ya hapo). Kwahiyo karavani ya kilo 2,500 inaweza kuweka kilo 250 kwenye chuma. Watu wanafika hapo wanasema ah, kilo 250 ni watu watatu wanene, gari inabeba. Shida ni kwamba kile chuma kiko nyuma ya ekseli, siyo juu yake, kwahiyo kinafanya kazi kama mtarimbo: kinaikandamiza ekseli ya nyuma na wakati huo huo kinanyanyua pua ya gari. Chukua gari ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.8, na kutoka ekseli ya nyuma hadi pale shingo inapokalia ni mita 1.2. Gawanya 1.2 kwa 2.8, zidisha kwa 250, unapata kama kilo 107. Hizo 107 zinatoka mbele zinahamia nyuma, kwahiyo ekseli ya nyuma imeongezewa kama kilo 357, siyo 250. Na hapo hujaweka friji, maboksi ya vyombo, dumu la maji na watoto wawili wa siti ya nyuma, ambao karibu uzito wao wote unaishia kwenye matairi yale yale mawili. Kuna vile vyuma vya kusawazisha mzigo ambavyo vinarudisha sehemu ya uzito mbele, vinasaidia ukivifunga sawasawa, ila haviufuti.

Kukisia hapa ni kujidanganya. Tafuta mzani wa magari uende ukiwa umefungasha kama siku ya safari, tenki limejaa, watu wote ndani, karavani imefungwa nyuma, alafu upime ekseli moja moja. Namba ya ekseli ya nyuma igawe kwa mbili, hiyo ndo kazi ya tairi moja, na usiichukue kama ilivyo maana gari nyingi hazilingani kushoto na kulia, tenki liko upande huu, betri ya ziada upande ule. Kati ya kazi hiyo na uwezo wa tairi, mi napenda ibaki nafasi ya asilimia 15 hivi, ikifika 20 ni nzuri zaidi.

Alafu ndo unaenda kusoma ubavu. Tuseme limeandikwa 265/65R17 112S. Hiyo 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana, R ni aina ya ufumaji ambao karibu matairi yote siku hizi yanao, 17 ni rimu kwa inchi. Watu wanaishia hapo. Wewe unayevuta, zile mbili za mwisho ndo zako: 112 ni kipimo cha mzigo, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa. Vipimo vingine utakavyokutana navyo sana ni 110 ambayo ni kilo 1,060, 113 ni 1,150, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400 na 121 ni 1,450. Kwa mwendo R ni 170 na Q ni 160, T ni 190. Kama mzani ulikwambia ekseli ya nyuma ni kilo 1,900, kila tairi lina 950, basi 112 inakutosha na inabaki nafasi ya kilo 170. Ikisoma 2,150 sasa hapo 112 inakuwa imebanwa, tafuta yenye namba kubwa zaidi.

Mambo mawili hapo. Moja, usishuke chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye kile kibandiko cha mlangoni au kwenye kitabu cha gari, hata kama hesabu zako zinaonyesha inatosha, sehemu nyingi sheria inakataa na bima nayo inapata sababu ya kukukimbia. Mbili, tairi la kilo 1,450 haliiongezei gari nguvu ya ekseli. Ekseli ina kikomo chake, springi zina chao, ukifunga matairi ya lori kikomo kinabaki pale pale. Kuna watu wanajipa moyo hapo na wanazidisha mizigo.

Haya tuje kwenye kitu ambacho mi naona kinachanganya watu kuliko vyote, matairi ya mzigo, yale ambayo saizi inaanza na herufi LT. Hayo utayakuta na namba mbili, mfano 121/118. Ya kwanza ni pale tairi linapokuwa peke yake kila upande, ya pili ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma, hiyo haikuhusu. Utasikia pia "hili ni plai kumi". Siyo kwamba ukilipasua utahesabu tabaka kumi, ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu zamani za matairi ya pamba, ndani tabaka ni chache zaidi. Lakini kweli ubavu ni mgumu na mawe ya barabara mbaya linayavumilia kuliko la kawaida.

Sasa mtego uko hapa. Ile kilo 1,450 ya LT plai kumi inapatikana kwenye psi 80 (psi ni kipimo cha upepo), yaani karibu kPa 550. Tairi la kawaida la saizi hizi linafikia mzigo wake wa juu kwenye psi 36 hivi, na lile lililoongezewa nguvu lenye alama ya XL kwenye 42 hivi. Kwahiyo mtu anatoa tairi la kawaida la 112, anafunga LT la 121, anafurahi kwamba amepanda, alafu anajaza psi 36 kwa sababu kibandiko cha mlangoni ndo kinasema hivyo. Kwenye psi 36 lile LT linaweza kubeba kidogo kuliko lile alilolitoa! Amenunua tairi lenye nguvu na akapata uwezo mdogo, anaondoka na karavani juani, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, na tairi kwa kawaida linauliwa na joto. Kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kwa matairi yaliyokuja na gari. Ukibadilisha aina, mwambie muuzaji akupe jedwali la mtengenezaji wa tairi linaloonyesha mzigo kwa upepo, tafuta kilo zako za mzani, soma upepo wake. Muuzaji anayejua kazi hatakushangaa ukiuliza hivyo. Akikwambia "weka 40 inatosha" bila hata kuuliza una kilo ngapi, nenda duka jingine.

Na ukipandisha upepo angalia valvu. Zile za mpira za kuchomeka kawaida mwisho wake ni psi 65, ukienda juu ya hapo au karibu na hapo weka za chuma. Rimu nazo zina uzito wao zinaoruhusiwa, mara nyingi umegongwa kwa ndani, hasa ukiwa umenunua rimu za urembo angalia hiyo namba kabla hujalipia matairi.

Je kila mtu anayevuta anahitaji LT? Hapana. Kama safari zako karibu zote ni lami na karavani ni ya wastani, tairi la kawaida au XL lenye kipimo kinachotosha litakupa breki nzuri zaidi kwenye mvua, mafuta kidogo, na gari haitakurusha rusha siku zile ambazo huvuti kitu, ambazo kwa wengi ndo siku nyingi za mwaka. LT inalipa ukiwa unavuta kitu kizito kwenye changarawe na mawe mara kwa mara.

Kashata sasa, fupi fupi. HT ni za lami, kimya, zinashika vizuri. AT ni za kati. MT ni zile za meno makubwa ya tope, na kwa kuvuta karavani mi sizipendi kabisa: yale meno marefu yanapindapinda ukiwa kwenye mwendo, nyuma ya gari inakuwa kama inaelea, na karavani ikianza kuyumba unataka matairi ya nyuma yaliyotulia, siyo yanayocheza nayo. Lami yenye maji nayo haziipendi. AT isiyo na meno ya fujo inawatosha wengi. Ukiwa unavuta kwenye theluji tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, hiyo ina kipimo nyuma yake, herufi za M+S peke yake hazina.

Halafu kuna tamaa ya kupandisha saizi. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 inaonekana ni tano tu imebadilika, lakini tairi linapanda kutoka kama milimita 776 kwenda 803, asilimia 3 na nusu hivi. Mshale wa dashibodi ukisoma 100 sasa unakimbia zaidi ya ulivyokuwa unakimbia zamani ukisoma hiyo hiyo 100, na gia zote zimekuwa ndefu kidogo, kwahiyo kwenye mlima na karavani nyuma injini inahangaika na giabokisi inapata moto. Kwa wanaovuta, baki saizi ya kiwandani. Na kama gari yako ilikuja na chaguo la rimu 17 au 20, nenda 17, ubavu mrefu unavumilia mashimo.

Nunua manne kwa pamoja, na kama gari ni ile ya fowili muda wote, inayosukumwa na magurudumu yote manne bila kuzimwa, hiyo siyo ushauri ni lazima kabisa, maana matairi yenye tofauti ya kimo yanaifanya difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ifanye kazi bila kupumzika mpaka ipike. Hela ikiwa ya mawili tu kwenye gari ambayo siyo ya namna hiyo, mapya yaende nyuma. Kabla hayajafungwa, inama usome tarehe: mwisho wa msururu unaoanza na DOT kuna tarakimu nne, 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Angalia kila moja, wanachanganya. Mi tairi lililokaa stoo miaka mitatu silichukui kwa bei ya jipya.

Yakishafungwa, nati zikazwe kwa spana ya kupima nguvu na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita mia kadhaa za mwanzo endesha kistaarabu, ikiwezekana bila karavani, mpira mpya una utelezi wa kiwandani mpaka uparazwe. Upepo unapimwa asubuhi tairi likiwa baridi, kabla hujasogea. Ukishatembea saa moja hivi pima tena: tairi la kawaida likipanda kama psi 4 uko sawa, LT kama 6. Likipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo au mzigo umezidi, na dawa siyo kulitoa upepo likiwa la moto, dawa ni kusubiri lipoe uongeze. Ukifika nyumbani na karavani imeshafunguliwa unarudisha upepo wa kawaida.

Matairi ya karavani yenyewe yana hesabu yake, hayo mara nyingi kashata inabaki nzuri mpaka yanapasuka kwa uzee, kwahiyo pale usiangalie kina, angalia tarehe na nyufa za ubavuni. Na ukiwa pale chini jaribu kama rimu ya spea ya gari inaingia kwenye nati za karavani, kwa baadhi inaingia, na kama haiingii basi unahitaji spea mbili na zote zipimwe upepo kabla ya safari, hasa ile inayoning'inia chini ya buti ambayo hakuna anayeikumbuka.