Nywele imepatikana kwa tukio: jinsi ya kuomba ipimwe ukiwa Nairobi

Naandika hii ju ya jirani yangu hapa Umoja. Waliingiliwa usiku, kakake akapigwa vibaya, na mwizi akitoroka akaacha marvin yake, ile kofia ya kufuma, hapo sakafuni ikiwa na nywele ndani. Jirani akaiokota, akaitia kwa karatasi ya nailoni, akaifunga kabisa, akaiweka juu ya kabati akingoja mtu aje aulizie. Ikaota ukungu. Hakuna mtu alikuwa amemwambia chochote, na hiyo ndio inaniuma mpaka leo.

Kwanza usiguse. Piga 999 au 112, funga hiyo chumba, watoto wakae nje, usifagie. Kama kuna mtu amebakwa, hosipitali kwanza na ndani ya saa 72 ju kuna dawa za kuzuia ukimwi, asioge asichane nywele, nguo alizovaa zibebwe, daktari mwenyewe atachukua sampuli na kujaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa. Namba ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195.

Alafu enda stesheni ya polisi upewe OB namba, yaani namba ya ripoti yako kwa kitabu cha matukio. Hapa watu wengi huharibu, wanasema tu "tumeibiwa" basi. Sema wazi kuna kofia imeachwa na ina nywele ndani, na uombe hayo maneno yaandikwe kwa OB, ju kitu hakijaandikwa kesho kitakuwa hakikuwahi kuweko. Omba pia watu wa DCI, polisi wa upelelezi, wale wa kukagua tukio, waje wachukue wenyewe. Wakichukua wao, kila mkono umeshika hicho kielelezo unajulikana, na wakili wa mshukiwa hatapata mahali pa kusema mliipanda nyinyi.

Sasa wakichelewa na kitu kiko karibu kunyeshewa, piga picha kwanza, vaa glavu, kofia nzima itie kwa mfuko wa kaki bila kuchomoa nywele. Kama ni unywele peke yake, ushike na kibano, ukunje ndani ya karatasi nyeupe safi alafu bahasha ya kaki. Nailoni hapana, inafungia unyevu na ukungu unakula DNA. Andika tarehe, saa, mahali ilikuwa, jina lako, weka sahihi juu ya mahali umefunga. Kila kitu na bahasha yake.

Barua sasa. Andikia OCS, mkuu wa stesheni, nakala kwa afisa anayechunguza kesi, na kopi yako igongwe muhuri. Haihitaji maneno mengi: "Kuhusu OB namba fulani ya tarehe fulani. Naomba nywele zilizo kwenye kofia iliyoachwa na mshambuliaji zipelekwe maabara, ziangaliwe kama zina mizizi, na zenye mizizi zipimwe DNA. Niko tayari kutoa sampuli ya nywele zangu na za watu wa nyumba yangu."

Hiyo ya mizizi usiisahau tafadhali. Unywele uliong'olewa ukiwa bado unakua hutoka na mzizi wenye seli, na hapo ndio DNA ya kumtambua mtu mmoja inapatikana vizuri. Ule umejiangukia, na kila mtu huangusha kama 50 hadi 100 kwa siku, mara nyingi unabaki na DNA ya upande wa mama tu, hiyo wewe na ndugu zako wa mama mmoja na mama yenyu mnayo sawa, kwa hivyo inaweza kumtoa mtu kwa lawama lakini peke yake haiwezi kusema ni huyu.

Na usikubali "zinafanana kwa hadubini" iwe ndio mwisho. Kule Marekani, Santae Tribble alifungwa 1980 ju mtaalamu alisema unywele ni wake, 2012 DNA ikaonyesha kati ya nywele 13 hakuna hata moja yake, na moja ilikuwa ya mbwa. Amekaa jela miaka 28! Hadubini ina kazi yake, inakuambia hii ni ya mtu, ni ya mnyama, ama ni uzi wa plastiki. Nairobi hii hilo ni muhimu sana, mtu ametoka kusukwa Kenyatta Market anaangusha nyuzi kila mahali, na wigi ya nywele halisi ni nywele ya mtu mwingine kabisa, pengine yuko India. Kwa hivyo mwambieni afisa nani hapo nyumbani anavaa wigi.

Sampuli za kulinganisha hung'olewa, hazikatwi, kama 25 hivi kutoka pande zote za kichwa. Mshukiwa wa kosa kubwa anaweza kuagizwa kwa maandishi na polisi wa cheo cha inspekta au zaidi atoe DNA, iko kwa Sheria ya Adhabu kifungu 122A, kwa hivyo usimng'oe wewe.

Usibebe kielelezo mwenyewe kwa Mkemia wa Serikali kule karibu na hospitali ya Kenyatta, ama maabara ya DCI Kiambu Road. Afisa ndio anapeleka na eksibiti memo, ile fomu ya kupeleka kielelezo maabara. Wewe uliza imepelekwa tarehe gani, uandike. Ukizungushwa, panda kwa mkuu wa DCI wa eneo lako, alafu IPOA, wale wa kusimamia polisi, na unaweza kuandikia DPP pia, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, Katiba kifungu 157 inampa nguvu ya kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze.

Ripoti ikitoka, muulize afisa maswali mawili: ni DNA gani walipata, ya mzizi ama ya upande wa mama, na wamelinganisha na sampuli za nani. Mkemia anaweza kuitwa kortini aieleze, na kama kuna mahali haieleweki mwambie kiongozi wa mashtaka mapema, kabla ya siku ya kesi.