Jinsi ya Kumpima Kwotabeki wa Chuo kwa Takwimu za Pasi

Kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani, namba ya kwotabeki, mchezaji anayerusha pasi, inayotangazwa sana ni jumla ya yadi za pasi zake, na ndiyo inayopotosha sana. Mwaka 2007 Graham Harrell wa chuo cha Texas Tech alifikisha yadi 5,705. Mwaka 2019 Joe Burrow wa chuo cha LSU alifikisha 5,671. Ukiishia hapo, Harrell yuko juu. Lakini Harrell alirusha mara 713, Burrow mara 527. Pasi hizo 186 za ziada zinageuza hukumu yote, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kugawanya.

Hatua ya 1: Kusanya namba tano

Kwa kila mechi unahitaji majaribio ya pasi, pasi zilizodakwa, yadi, tachidauni za pasi (pasi zilizofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani na kuleta alama), na pasi zilizonaswa na wapinzani. Kila namba ipewe safu yake. Majedwali ya mechi huandika zilizodakwa na majaribio pamoja, mfano 10/12. Ukibandika hivyo kwenye Excel inageuka tarehe, na hutashtuka mpaka jumla ikatae kutoka.

Jua pia kinachohesabiwa. Pasi ya kurudi nyuma huandikwa kama mbio, yaani kukimbia na mpira. Pasi ya kutafuta alama 2 baada ya tachidauni haimo kabisa. Ila pasi nzuri iliyomponyoka mpokeaji mikononi ni jaribio lililokosa, sawa na pasi mbovu.

Hatua ya 2: Tumia kanuni ya NCAA

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, humpa kwotabeki alama kwa kanuni hii:

(8.4 × yadi + 330 × tachidauni + 100 × zilizodakwa − 200 × zilizonaswa) ÷ majaribio

Ikiwa majaribio yako safu ya B, zilizodakwa C, yadi D, tachidauni E na zilizonaswa F, andika:

=(8.4*D2+330*E2+100*C2-200*F2)/B2

Ijaribu kwa msimu wa Burrow: majaribio 527, zilizodakwa 402, yadi 5,671, tachidauni 60, zilizonaswa 6. Juu ya mstari unapata 106,436.4, gawanya, ni 202.0. Harrell, aliyedakiwa pasi 512, akapata tachidauni 48 na kunaswa mara 14, anatoka na 157.3. Ukipata namba ya ajabu, angalia mabano kwanza. Bila hayo, Excel hugawanya kipande cha mwisho peke yake.

Usiweke namba hizi kando ya zile za NFL, ligi ya kulipwa. Kule kanuni ni nyingine na kilele chake ni 158.3.

Hatua ya 3: Jumlisha kwanza, gawanya baadaye

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu anachukua wastani wa alama za mechi. Tuseme mechi ya kwanza kwotabeki kadakiwa 8 kati ya 10, yadi 120, tachidauni 2. Alama yake ni 246.8. Ya pili kadakiwa 20 kati ya 40, yadi 200, tachidauni 1, kanaswa mara 2. Hapo ni 90.25. Wastani wa alama hizo ni 168.5, namba ya nyota. Jumlisha namba ghafi za mechi zote mbili ndipo utumie kanuni: 121.6. Mechi ya pasi 10 haiwezi kuwa na sauti sawa na ya pasi 40.

Hatua ya 4: Jua kanuni inampendelea nani

Gawanya uzito wote kwa 8.4 uone kila kitu kinathaminiwa yadi ngapi. Tachidauni ni yadi 39, kudakwa tu ni karibu 12, na kunaswa ni hasara ya 24. Maana yake, pasi fupi inayodakwa nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo na kupoteza yadi 11 bado inamwongezea kwotabeki kwenye hesabu ya juu: 100 − 92.4 = 7.6. Timu yake imerudi nyuma, yeye kapata faida kuliko angeitupa nje. Makocha wa pasi fupi fupi hawalalamikii kanuni hii.

Tazama na upande wa pili. Kwenye mechi ya pasi 25, pasi fupi moja ambayo mpokeaji anaikimbiza yadi 70 mpaka tachidauni inaleta alama 40.7 peke yake. Miguu ni ya mpokeaji, alama ni za kwotabeki. Kwa hiyo mechi moja isikupe hukumu.

Hatua ya 5: Linganisha na yadi zilizorekebishwa

(yadi + 20 × tachidauni − 45 × zilizonaswa) ÷ majaribio

Hapa kudakwa hakulipwi kitu na kunaswa kunauma karibu mara mbili. Burrow anapata 12.5, Harrell 8.5. Kwotabeki akiwa juu kwenye kanuni ya NCAA na wa kawaida kwenye hii, shuku pasi fupi au mipira inayonaswa.

Hatua ya 6: Rudisha alivyoangushwa

Vyuoni, kwotabeki akiangushwa kabla ya kurusha, yadi anazopoteza hukatwa kwenye mbio zake. Anayeng'ang'ania mpira anabaki safi kwenye takwimu za pasi. Zitafute kwenye takwimu za walinzi wa timu pinzani, zitoe kwenye yadi za Hatua ya 5, kisha ongeza idadi ya maangusho kwenye majaribio.

Hatua ya 7: Chuja

Timu nyingi za FBS, daraja la juu la vyuo, hucheza mechi moja na timu ya FCS, daraja la chini. Hesabu msimu pamoja nayo na bila nayo. Fanya hivyo pia kwa robo ya nne ambapo timu inaongoza kwa zaidi ya alama 21. Ukimlinganisha na kwotabeki wa kabla ya 2002, kumbuka NCAA haikuwa ikiingiza mechi za bowl, zile za mwisho wa msimu, kwenye takwimu za msimu. Ziondoe kwa huyu wa sasa, au mtafutie yule wa zamani za kwake.