Banda la saa usizokuwepo: kuchagua nyumba ya kuku na sungura uani

Mimi nalima mwani hapa Jambiani. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakishapwa natoka asubuhi na kurudi mchana, na kuku wangu 14 na sungura 3 wanabaki uani peke yao. Usiku nalala kama watu wote. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue banda la aina gani, namuuliza kwanza yeye: saa usizokuwepo, nani anaingia uani kwako?

Kwangu mimi wanaoingia nawajua. Mchana ni mwewe na kunguru. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, na leo wanabeba vifaranga mbele ya macho ya mama yao. Kenge huja kufuata mayai. Usiku ni zamu ya ngawa na paka shume, na panya wanaofuata pumba. Mvua zikianza hupita siafu. Kila mmoja ana njia yake ya kuingia, na banda lazima liwe na jibu kwa kila mmoja.

Banda langu la kwanza nililinunua mjini likiwa tayari limeundwa, nikalipandisha juu ya daladala hadi hapa. Lilipendeza: mbao nyepesi, rangi nzuri, paa la karatasi ya lami, kijimlango chenye ndoano. Masika ya kwanza tu mbao zilivimba, mlango ukawa haufungi mpaka niusukume kwa goti. Lakini kilichoniumiza ni waya. Ulikuwa ule waya wa kuku wa kawaida, mwembamba, wenye matundu makubwa ya pembe sita. Asubuhi moja nikakuta kuku watatu wamelala chini ndani ya banda, mlango umefungwa vilevile nilivyouacha, na wote hawana vichwa. Manyoya ya shingo yalikuwa yamebanwa kwenye tundu la waya, upande wa nje. Walikuwa wamelala wameegemea waya, na mnyama akawavuta mmojammoja bila ya kuhitaji kuingia. Wawili kati yao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kutaga.

Kwa hiyo ukienda kutazama banda, anza na waya. Waya wa pembe sita unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama kumfikia. Tafuta waya uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi. Jaribu kidole chako: kidole kidogo kikipita chote mpaka mwisho, tundu ni kubwa. Nao ni ghali zaidi, sikatai, basi punguza upana wa madirisha badala ya kupunguza ubora wa waya. Ziba kwa mbao sehemu yote ya chini, pale kuku anapoegemea, na waya uanzie juu ya usawa wa kichwa chake akiwa amelala. Na sisi tuliokaa pwani tukumbuke chumvi. Upepo wa bahari unakula waya. Kwangu ule mwembamba ulishika kutu hata mwaka haujatimia. Kila baada ya miezi michache mimi huuvuta kwa mkono kona zote, na panapokatika nabadilisha siku hiyohiyo.

Mahali pa kuliweka pana uzito sawa na banda lenyewe. Huku kwetu mvua za masika huja na upepo wa kusi, kwa hiyo ukuta wa kusini nimeuziba karibu wote, nikaacha upenyo chini ya paa tu. Madirisha yenye waya yanatazama kaskazini, na kaskazi ikianza kuvuma, miezi ile ya joto kali, upepo unaingia moja kwa moja. Banda zima liko upande wa bara wa nyumba, nyumba inalikinga na upepo wa baharini. Kivuli ninacho cha mkungu. Usiliweke chini ya mnazi hata kama ndio mti pekee ulionao. Nazi moja au kuti kavu likidondoka usiku linatoboa bati na kuvunja kuku mgongo.

Huku maweni kuna shida nyingine: ardhi haichimbiki. Jembe likizama shibiri moja linagonga jabali. Miongozo mingi inakwambia fukia waya futi moja chini ya ardhi ili mnyama asichimbe. Mimi nimeulaza waya chapa juu ya ardhi kuzunguka uzio wa mchana, ule kuku wanamoshinda nje ya banda, futi 2 kwenda nje, nikapanga mawe juu yake. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapoanzia. Akikuta waya chini ya makucha hajui kurudi nyuma futi 2. Juu ya uzio nimetandika nyavu kuukuu za samaki, nikazifunga kwa kamba za mwani zilizochakaa. Tangu hapo kunguru wanakaa juu ya ukuta wakipiga kelele tu.

Banda la kulala lenyewe liko juu ya miguu ya mvinje, futi 3 kutoka chini. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu, na siafu hawavuki. Mvua ikijaza makopo maji, oili humwagika, basi masika inabidi uyakague. Na hakikisha hakuna kuti, fito wala nyasi inayogusa banda kutoka pembeni, maana siafu hawahitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu paa, makuti yana ubaridi lakini panya hujificha ndani yake, na utitiri nao huzaliana humo. Bati peke yake ni tanuri. Mimi nimeweka bati, nikalipaka chokaa, na juu yake nimetandaza makuti ambayo nayabadilisha yakioza. Matone ya mvua hayaingii, na mchana ukiweka mkono ndani ya banda, chini ya bati, hauungui.

Ndani, vipimo vyangu ni hivi. Banda la futi 4 kwa 6 linatosha kuku wa kienyeji 12 kulala, maana mchana wako nje. Wale 2 wanaobaki ni majogoo, na wana kibanda chao. Kila kuku apate shibiri moja ya fito ya kulalia. Fito iwe nene kama mpini wa jembe, na ilainishwe. Zote ziwe usawa mmoja, la sivyo kila jioni ni vita ya nani akae juu. Viota vya kutagia viwe chini kuliko fito, kwa sababu kuku hupenda kulala pa juu kabisa, na akilala kiotani mayai yote yanakuwa na kinyesi. Kiota kimoja kwa kuku 4 kinatosha, futi moja kila upande, penye giza kidogo.

Hewa inataka kipimo cha pua. Amka alfajiri kabla hujafungua mlango, ingiza uso wako pale kuku wanapolala, vuta pumzi. Macho yakikuwasha, matundu ya juu hayatoshi au kinyesi kimekaa mno. Mafua ya kuku mengi yanaanzia hapo.

Sasa sungura. Watu wengi wananiambia watawaweka juu ya banda la kuku au ndani yake kuokoa nafasi, na mimi kila siku nawakataza. Kinyesi cha kuku kinachafua chakula cha sungura, kuku wanadonoa vitoto, na mahitaji yao ni mbalimbali. Kuku anaogopa usiku. Sungura anauawa na mchana. Hatoki jasho kama sisi, joto lake hulitoa masikioni, na likipita nyuzi 30 anaanza kuteseka: anajinyoosha chapa na kupumua haraka mbavu zikitetemeka. Januari hadi Machi hapa joto linapita kiwango hicho mara nyingi. Kizimba cha sungura basi kiende penye kivuli cha siku nzima. Kipande cha bati juu yake hakitoshi kuitwa kivuli. Siku kali natundika gunia bichi upande unaotoka upepo, na naenda pwani nikiwa nimeshamwagiza kijana wa jirani aliloweshe tena adhuhuri.

Sungura mmoja mkubwa apewe futi 3 kwa 2 na nusu, na urefu wa kumtosha kukaa masikio yamesimama. Dume na jike wasikae pamoja. Jike ndiye apelekwe kwa dume, kisha arudishwe kwake. Sakafu yangu ni vijiti vya mvinje vyenye mwanya wa upana wa kidole, kinyesi kinapita na kuanguka chini. Ukiweka waya, laza kibao kimoja ndani ili apumzishe nyayo, maana waya mtupu unazitia vidonda. Mbao laini atazitafuna, meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo kingo zote anazozifikia zikinge kwa waya. Acha nafasi ya sanduku la kuzalia pia. Mimi huliweka siku ya 28 tangu jike apandishwe, naye huzaa kati ya siku ya 30 na 32, baada ya kujinyonyoa manyoya ya kifua na kuyatandika humo. Kinyesi cha sungura nakimwaga moja kwa moja kwenye mchicha. Cha kuku nakilundika kwanza kioze, kibichi kinaunguza mimea.

Simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufuga wasio na mkia, ni wepesi zaidi kuwajengea: hawaruki wala hawapandi, kizimba kifupi kinawatosha mradi kiwe kikavu na kisiwe na upenyo wa panya.

Kabla hujalipa pesa au hujamwita fundi, jaribu jambo moja. Ingiza mkono. Kila kona ya banda ufikie bila ya kutambaa, na mlango uwe mpana kiasi cha kupitisha ndoo na fagio. Banda lisilofagilika halifagiliwi, na utitiri unakaa kwenye nyufa zile usizozifikia. Mimi kila mwisho wa mwezi natoa fito zote, nazipitisha juu ya moto wa kuti, kisha napaka chokaa kwenye nyufa. Mkono huohuo utauhitaji kila baada ya miezi 3 kwa chanjo ya mdondo, yaani kideri, tone moja jichoni. Kuku anayefikika gizani akiwa kwenye fito hushikwa bila ya kelele, anayekimbizwa uani huwezi kummaliza kumchanja.

Komeo lisiwe ndoano. Liwe la kusukuma, na juu yake pini au kijiti cha kulizuia. Paka anaweza kuigonga ndoano mpaka itoke, nimemuona kwa macho yangu kwa mwanga wa tochi.

Banda likishakamilika, wafungie kuku humo siku 7, chakula na maji ndani, watoke tu kwenye ule uzio wenye nyavu. Siku ya 8 wafungulie alasiri, jua likianza kulala, usiwafungulie asubuhi. Hawatapata muda wa kwenda mbali, na giza likianza utawaona wanarudi wenyewe mmojammoja, wanapanda ngazi. Wahesabu, kisha sukuma komeo.