Namna ya kuandika Katanga ambayo haikutokea

Vijana wanaoniletea hadithi zao za “ingekuwaje kama” hapa Kamalondo, Lubumbashi, karibu wote huanza na Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo: tarehe 17 Januari 1961 ndege iliyombeba haitui Élisabethville, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, wala hauawi, naye anaishi. Nawaelewa, mji huu una deni kwake. Lakini kwa hadithi ya kwanza nawaomba waiache tarehe hiyo. Mwandishi huwa ameshaamua kwamba kila kitu kitakuwa chema, na kurasa zinajaa hotuba.

Tafuta mahali ambapo mtu alikuwa kweli na njia mbili mbele yake, na wewe mwenyewe hujui ipi ingefaa. Mimi huchagua Bunkeya, makao ya Msiri, mfalme wa Katanga, mwaka 1890. Mwingereza Alfred Sharpe anafika kwa Msiri na mkataba wa kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokuwa ikitwaa nchi za kusini kwa ajili ya Uingereza. Msiri anakataa, Mwingereza anarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson akampiga Msiri risasi. Badilisha jambo moja tu: Msiri anatia alama yake kwenye karatasi ya Sharpe. Ukigusa na la pili, msomaji ataanza kukushuku.

Kisha andika kando yale yasiyojali mkataba wowote. Shaba iko palepale. Wahunzi wa huku waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu za misalaba karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Urani ya Shinkolobwe nayo iko ardhini. Wenye tamaa watakuja tu. Usimpe Msiri ufalme wa amani kwa sababu unampenda: Wasanga, watu aliowatawala, walikwisha kumwasi kabla Stairs hajafika, na kampuni ya Rhodes ilitaka madini.

Sasa ingia nyumbani kwa watu, maana huko ndiko hadithi nyingi hufia. Katanga imeingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Reli inakuja vilevile kutoka kusini, kama ilivyokuja kweli mwaka 1910, ila Sakania, kituo cha mpakani, hakuna mpaka wa kuvuka. Uhuru ni 1964, na hakuna Tshombe wa kutangaza Katanga kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Hayo ni mepesi, yamalize kwa aya moja.

Kazi yenyewe ni hii: chukua watu wa ukoo wako, mmoja mmoja, uulize kila mmoja alifikaje hapa. Babu yangu aliandikishwa kazi huko Kasai, akaletwa kwenye kambi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba. Wabelgiji walipopunguza wafanyakazi kutoka Rhodesia, walitafuta watu Kasai na Rwanda-Urundi. Chini ya Waingereza, nani angehangaika kumleta? Babu anabaki kwao, hamwoni bibi, nami sizaliwi. Kiswahili chenyewe kilistawi katika kambi zile kwa kuwa wakubwa walikitumia kuongoza watu wa makabila mengi. Ng'ambo ya mpaka, Kitwe na Ndola nchini Zambia, sokoni watu husema Kibemba. Basi mama yako wa hadithi, anayeuza sombe, yaani majani ya muhogo, mwaka 1955, huenda haielewi lugha unayomwandikia. Usikimbie jambo hilo. Mpe jirani mmoja aliyekuja kutoka Unyamwezi, alikotoka Msiri, awe peke yake mtaani anayeimbia mtoto wake kwa Kiswahili. Nionavyo mimi, huyo ndiye mhusika mkuu wako.

Wahusika hawajui historia yetu, kwa hiyo asitokee wa kusema, “Je, kama Msiri angekataa?” Sarafu yenye kichwa cha malkia wa Uingereza mkononi mwa mteja inatosha kumwambia msomaji yuko wapi. Mkataba wa Bunkeya utajwe baadaye sana, kwa kupita, katika ugomvi wa shamba kwa mfano.

Ukimaliza, msomee kwa sauti mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière. Yeye hatajali sana habari za Sharpe. Atakusimamisha kwenye saa ya kuingia zamu, au kwenye mgawo wa unga wa mwisho wa juma. Andika anachosema, urekebishe, ndipo umpe mtu mwingine asome.