Pumzi sita kwa nne
Ukitoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, jioni, kichwa kikiwa bado kimejaa hesabu za madeni na kelele za wachuuzi wa dagaa, usiingie nyumbani na mzigo huo. Tafuta jiwe pana lililokwisha kupoa, ukae umenyoosha mgongo, uvute hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha uitoe taratibu ukihesabu hadi 6. Kazi kubwa imo katika kutoa, kwa kuwa pumzi inayotoka polepole huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mawazo yakitangatanga, na yangu hutangatanga kila siku, yarudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Dakika 5 zinatosha. Ukihisi kizunguzungu, acha kuhesabu, upumue kama kawaida.