Gawa mchaichai wenye mizizi

Mvua za Novemba zikishaulowesha mchanga wa Tabora, hodi za kuomba mchaichai huanza. Wengi huondoka na fungu la majani, au vibua vilivyokatwa juu ya mizizi. Nami niliwahi kumpa jirani hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili akanionesha vijiti vikavu akisema nilimpa kwa kinyongo!

Mchaichai wa chai hutoa maua kwa nadra sana, kwa hiyo mbegu yake ni chipukizi lenye mizizi. Na usione uchungu kugawa. Shina la miaka mitatu, minne, hujibana lenyewe: katikati panakauka, majani yanakuwa membamba. Ukilipunguza linapata nafasi.

Kwanza kata majani, yabaki kama urefu wa kiganja. Vaa soksi kuukuu mkononi, maana makali ya jani lile hukata kama wembe. Chimba upande mmoja tu, ng'oa robo ya shina, kung'uta udongo, kisha achanisha vichipukizi kwa vidole. Kila kimoja kiwe na kitako kigumu cheupe na nyuzi za mizizi. Bandua maganda makavu, mchwa hupenda kujificha humo. Majani yenye vidoa vya rangi ya kutu upande wa chini yana ugonjwa. Usimgawie mtu chipukizi la shina hilo. Vilivyo safi vifunge kwenye gunia bichi, na mwenzako avipande siku hiyo hiyo.

Apande kwa nafasi ya sentimita 60 hivi, kitako kifunikwe, na samadi iliyooza ichanganywe kwenye shimo. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, apande juu ya tuta, kwani maji yakituama mizizi huoza. Watu wengi hupenda kuuweka kando ya karo. Maji ya kuoshea mboga hayana neno, lakini ukipanda panapotokea maji ya bafuni, uwe wa pambo. Mimi chai yake sinywi.

Angalizo: kuna ndugu yake wa kufukuzia mbu. Shina lake lina wekundu chini, na harufu yake ni ya ukali wa dawa, si ya limau. Huo usiugawe kama wa chai.

Baada ya miezi minne hivi avune, akikata kiganja kimoja juu ya ardhi. Kiangazi, kuanzia Juni, achume kidogo kidogo tu. Ya akiba yakaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huondoa harufu.

Jikoni, wengi huyachemsha mno. Kunja majani mawili matatu, yafunge fundo, tumbukiza maji yakishachemka, funika sufuria, epua. Subiri dakika tano, kisha tia asali ya miombo. Sukari iache kabatini.